Pikipiki Yako Si Kipenzi cha Duka: Namna ya Kupata Huduma Uliyoilipia

Ingia katika duka lolote la pikipiki linalouza chapa zaidi ya moja na utazame mpangilio kabla hujasema neno. Mbele, kwenye kioo kinachotazama barabara, zimepangwa zile zinazotoka haraka. Zimefutwa vumbi, zina riboni kwenye usukani, na kijana mwenye fulana ya nembo hiyohiyo hakai mbali nazo. Chapa nyingine, ambayo mwenye duka aliichukua kwa kuwa mwagizaji alimpunguzia bei, imesukumwa nyuma karibu na mlango wa stoo. Siku ya kununua hutaona ubaguzi wowote. Pesa yako ni pesa, utakaribishwa kiti na pengine soda juu. Ubaguzi huanza mwezi wa tatu au wa nne, unaporudi klachi inateleza na abiria wako wa asubuhi umemwachia mwenzako.

"Dada, naomba klachi pleti za chuma hiki."

Dada anatupia jicho nembo kwenye tangi. Kitabu cha sevisi ulichomnyooshea hakigusi. "Hizo hatuna, kaka. Jaribu Gerezani."

"Si mliniuzia ninyi wenyewe?"

"Tuliuza, ila spea zake huwa haziagizwi sana."

"Zitakuja lini?"

"We uwe unapitapita tu."

Wakati huo jirani yako kwenye kaunta, mwenye chapa inayopendwa, ameshapewa mfuko wake na chenji. Fundi amemwita kwa jina. Wewe umeambiwa upitepite, kana kwamba mafuta ya kupitapita unagawiwa bure.

Makala haya ni kwa ajili yako. Na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usipoteze nguvu kudai heshima. Ukigombana na dada wa kaunta utamkwaza mtu asiye na mamlaka ya kuagiza hata balbu, na pleti zako bado hazitakuwepo. Dharau ya duka la pikipiki ina hesabu nyuma yake, na mwenye kuijua hesabu hiyo anajua pia pa kubana.

Mwenye duka hupangiwa malengo na mwagizaji: uza kiasi fulani kwa mwezi upate punguzo au bonasi. Bonasi hiyo inatoka kwenye chapa inayokimbia, kwa hiyo wauzaji wake, nafasi yake ya mbele na tabasamu lake vinaelekea huko. Spea nazo ni pesa iliyolala. Boksi la breki shuu za chapa inayouzwa sana linaisha ndani ya wiki, lakini CDI ya chapa yenye wateja wachache inaweza kukaa rafuni mwaka mzima. Mfanyabiashara mwenye mtaji wa mkopo hawezi kuipenda. Kuna fundi pia. Waagizaji wakubwa huwapa mafundi mafunzo na vifaa maalumu, kwa mfano kile cha kuvutia sumaku ya magineti bila kuigonga, yaani puller. Kwenye chapa isiyo na mafunzo hayo fundi anafanya kazi kwa kukisia, anatumia muda mrefu zaidi, na kama analipwa kwa kazi basi ameingia hasara. Ndiyo maana anakuambia "iache, tutaiangalia", halafu haiangalii.

Nawasikia wenye maduka wakisema naonea. Sionei. Kuweka akiba ndogo ya spea za chapa isiyotembea ni uamuzi halali wa biashara. Kisicho halali ni kumficha mnunuzi uamuzi huo mpaka alipe.

Tena hili halimsibu bodaboda wa Tandika au Kayole peke yake. Marekani, nchi yenye sheria za kila namna na maduka ya pikipiki yenye zulia, waendeshaji wa Buell waliyaonja haya kwa miaka. Erik Buell alikuwa mhandisi wa Harley-Davidson, akatoka na kuanzisha kampuni yake mwaka 1983. Mwaka 1993 Harley ikanunua asilimia 49 ya kampuni hiyo, na mwaka 1998 ikachukua sehemu kubwa. Pikipiki za Buell zikawa zinauzwa katika maduka yaleyale ya Harley. Shida ni kwamba wateja wa maduka hayo walikuja kutafuta pikipiki nzito za kutembelea taratibu, zenye kromu na jaketi la ngozi la kufanania. Buell ilikuwa nyepesi, ya kulala kwenye kona. Wenye Buell wakalalamika kila mara juu ya jambo moja: muuzaji haijui, imewekwa pembeni, na karakana inaishughulikia mwisho. Tarehe 15 Oktoba 2009 Harley ikatangaza kuifunga chapa hiyo, baada ya pikipiki zaidi ya 130,000 kutengenezwa, na ikaahidi kwamba spea na dhamana vitaendelea kupatikana kupitia maduka yaleyale. Yaani mwenye Buell aliambiwa aendelee kutegemea kaunta ambayo haikumjali tangu mwanzo. Wamiliki wakajipanga kwenye vilabu vyao, wakabadilishana vitabu vya ufundi, namba za spea na majina ya mafundi wanaoaminika. Pikipiki zao nyingi bado zinatembea.

Turudi kwetu. Kama hujanunua bado, una bahati, kwa sababu nguvu yako yote iko kabla ya kulipa. Usianzie kwenye pikipiki, anzia kwenye dirisha la spea. Nenda kama mteja wa kawaida, bila kusema kwamba unataka kununua pikipiki, na uulizie vitu vitatu vya chapa unayoifikiria. Kimoja kiwe kinachoisha haraka, kama breki shuu au cheni na sproketi zake. Cha pili kiwe cha kuisha polepole, kama klachi pleti au waya wa mita. Cha tatu kiwe kile ambacho hakiharibiki mara kwa mara lakini kikiharibika kinakulaza: CDI, koili ya magineti, stata. Uliza bei, na uombe kuiona kwa macho.

Wakikosa cha tatu, si kosa kubwa, mradi wakwambie kitafika baada ya siku ngapi na kiasi gani cha kutanguliza. Wakikosa cha kwanza, hapo hakuna mjadala. Duka linalouza pikipiki lisilo na breki shuu zake limeshakwambia litakavyokutendea.

Kisha zunguka nyuma, karakana. Tazama pikipiki zilizoegeshwa zikisubiri matengenezo. Zipi zina vumbi kwenye kiti? Zipi zimetolewa tangi na kuachwa hivyo, nyaya zikining'inia? Mahali pengine hufunga karatasi ya kazi kwenye usukani, na tarehe inasomeka bila kuomba ruhusa. Ukiona za chapa unayoitaka zimelala hapo wiki tatu huku nyingine zikiingia na kutoka, umeshapata jibu ambalo muuzaji asingekupa. Baada ya hapo nenda kijiwe cha karibu na duka hilo, mtafute mwenye chapa hiyohiyo, umnunulie chai, umwulize mara ya mwisho alipokwama alikwama siku ngapi. Msifanye mazungumzo ya mafuta na spidi. Ulizia siku alizolala bila kazi.

Bei ya chini ya chapa isiyopendwa inavutia, sikatai. Pikipiki mpya ya cc 150 ni zaidi ya shilingi milioni mbili za Tanzania, na ukiokoa laki tatu au nne hapo ni pesa ya kueleweka. Lakini kwa anayefanya kazi ya abiria, siku moja ya kulala ni hesabu isiyopatikana na bado tumbo linadai. Weka siku hizo kwenye bei, kisha ulinganishe upya. Kwa mtu anayeitumia kwenda shamba Jumamosi, chapa ya bei nafuu inaweza kubaki chaguo bora kabisa, na asitishwe na mtu.

Sasa tuseme umeshanunua, na kaunta imeshaanza kukupiga chenga. Kitu cha kwanza cha kukuokoa ni kuijua injini yako kwa jina lake la kiwandani, maana chapa iliyoandikwa kwenye tangi mara nyingi ni ya juujuu tu. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa Afrika Mashariki zimebeba injini zilizotokana na Honda CG125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976 ikiwa imebuniwa kwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako sevisi ni ya kubahatisha. Viwanda vingi vya China vimeiiga injini hiyo na kuikuza. Kwa hiyo chapa mbili zinazodharauliana dukani zinaweza kuwa na pistoni moja.

Chuchumaa utazame namba ya injini, mara nyingi upande wa kushoto chini, karibu na gia. Ikianza na 162FMJ, soma hivi: 1 ni silinda moja, 62 ni upana wa silinda kwa milimita, F ni kwamba inapozwa kwa hewa, M ni pikipiki, na J ni daraja la cc 150. Ikiwa 156FMI, ni silinda moja ya upana wa milimita 56 na ushei, daraja la cc 125. Andika herufi na tarakimu hizo kwenye simu yako. Ukifika Gerezani kama uko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, usiseme tu jina la chapa halafu ukaanza kuonewa huruma. Sema: "Nataka ringi za 162FMJ, ya CG." Kaunta itakuheshimu hapohapo, na utashangaa spea "isiyopatikana" ikitolewa kwenye droo ya kwanza.

Tahadhari zipo. Namba hiyohiyo 162FMJ hutumika pia kwa injini ambazo valvu zake zinaendeshwa kwa cheni ndani, tofauti na CG inayotumia vijiti vya kusukuma, na vichwa vya injini hizo haviingiliani. Idadi ya klachi pleti inatofautiana. CDI zinaweza kufanana kwa nje huku soketi zake zikiwa na pini tofauti. Kwa hiyo nenda na spea ya zamani mkononi, iliyofutwa grisi, uilinganishe juu ya kaunta kabla ya kulipa. Kwenye cheni, 428 ni saizi inayotumika kwenye pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150, lakini hesabu pingili, hesabu meno ya sproketi, na hesabu matundu ya bolti. Vitu vya nje, kama tangi, hedilaiti na saiti mira, usitegemee vitaoana. Na pikipiki za Kihindi zina injini zake zenyewe, ushauri huu wa CG hauzihusu.

Kuna kitu kingine kinachosomeka kwenye fremu, shingoni mwa usukani: namba ya chesesi yenye herufi na tarakimu 17. Ikianza na L imetengenezwa China, ikianza na MD ni India. Hiyo ndiyo namba ya kutaja katika kila malalamiko, kwa sababu mwagizaji anaweza kuifuatilia mpaka kwenye kontena iliyoingia nayo. Jina lako kwake halina maana yoyote.

Tuje kwenye dhamana, sehemu ambayo watu wa chapa zisizopendwa huumizwa zaidi, na mara nyingi huumizwa kwa mkono wao. Dhamana huandikwa kwa muda au kilomita, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa, na huwa na sharti la sevisi za mwanzo kufanyika kwa wakala kwa wakati na kugongwa muhuri kitabuni. Ya kwanza huja mapema, kwenye kilomita mia chache tu. Sasa mteja aliyechoka kuwekwa benchi tangu saa mbili hadi saa nane anasema ya nini, anamwaga oili kwa fundi wa mtaani. Miezi miwili baadaye gia inagoma, analirudia duka, na duka linafungua kitabu: hakuna muhuri. Imeishia hapo. Kumchosha mteja kunalilipa duka, hata kama hakuna aliyekusudia.

Kwa hiyo hudhuria sevisi hizo hata kama zinakera. Wakikwambia filta hakuna au fundi hayupo, usiondoke mikono mitupu. Omba waandike kitabuni tarehe, kilomita na sababu. Wakikataa, simama hapohapo nje ya duka, tuma ujumbe kwenye namba yao ya WhatsApp, iliyoandikwa kwenye risiti au kwenye bango: "Nimefika leo kwa sevisi ya kwanza, kilomita 512, nimeambiwa filta haipo. Naomba mnipangie siku." Ambatanisha picha ya mita. Ujumbe huo una saa na tarehe, na hawawezi kusema hukuja.

Soma pia kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Breki, klachi, cheni, tairi na balbu kwa kawaida havimo. Kubeba mshikaki au magunia manne ya mkaa kunaweza kuiondoa dhamana yote. Baadhi ya dhamana hupungua pikipiki ikitumika kibiashara, na muuzaji aliyekuona umevaa kizibao cha bodaboda alipaswa kukwambia. Kuhusu oili, ukilazimishwa kununua ya duka kwa bei ya juu, tazama kwanza kitabu kinasema nini. Klachi ya pikipiki nyingi za aina hii inaogelea ndani ya oili ya injini, kwa hiyo chupa inatakiwa iwe na alama ya JASO MA au MA2. Oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano inaweza kufanya klachi iteleze, na duka lisilokupenda litafurahi kukikuta kisingizio hicho. Tunza chupa moja tupu au picha yake.

Namna ya kueleza ubovu nayo ina ufundi. Usiende na majibu, nenda na dalili. Ukisema "CDI imekufa", utauziwa CDI, na tatizo likibaki wewe ndiye uliyeliagiza. Sema "inawaka vizuri asubuhi, ikitembea nusu saa inakata moto, ikipoa inawaka tena." Mweleze msikilizaji wako mahali, wakati na hali, halafu mwachie kazi ya kutafuta kisa. Kabla ya kuiacha karakana, piga picha: mita, betri, kabureta, tairi zote mbili. Karakana zenye uhaba wa spea za chapa fulani zina tabia ya kutoa kifaa kwenye pikipiki iliyolala ili kumridhisha mteja anayepiga kelele, na iliyolala huwa ni yako. Omba urudishiwe kila spea iliyotolewa. Na kama fundi anachukua nyundo na patasi kwenda kwenye magineti, mwombe kwa adabu asimame. "Fundi wangu, hakuna puller hapa?" Ikiwa hakuna, bora uisukume mpaka penye nayo, kwa sababu krenki iliyopigwa nyundo hakuna dhamana itakayoigusa.

Nimesema kwa adabu, na sitatumia aya nyingi hapo. Salamu, jina la mtu, sauti ya kawaida. Mzee umwite mzee hata kama ana makosa. Hiyo inatosha.

Walio na pikipiki za mkataba wana tabu ya ziada. Kadi ina jina la tajiri, au la kampuni ya mkopo, na duka likitaka kukukwepa litasema "mwenye pikipiki aje mwenyewe". Malizeni jambo hilo siku ya kukabidhiana: tajiri aandike barua fupi ya kukuruhusu kuipeleka sevisi na kudai dhamana kwa niaba yake, nakala ya kadi ikiambatanishwa. Muhimu zaidi, mkataba useme wazi kwamba siku ambazo pikipiki imelala kwa wakala kwa ubovu wa kiwandani hazihesabiwi. Bila mstari huo, utadaiwa hesabu ya kila siku huku chuma kikiwa kwenye stendi kinasubiri spea kutoka nje. Kampuni ya mkopo nayo usiione kama adui kwenye hili. Inanunua pikipiki kwa mamia, na simu yake moja kwa meneja wa mauzo inasikika kuliko safari zako kumi. Waambie mapema, na uwatumie ushahidi.

Ikifika mahali pa kulalamika rasmi, panda ngazi kwa utaratibu na kwa maandishi. Dada wa kaunta mruke, nenda kwa meneja na barua, nakala mbili, moja igongwe "imepokelewa" ubaki nayo. Iwe fupi. Kwa mfano:

"Kwa Meneja. Mimi ni mmiliki wa pikipiki namba MC …, chesesi namba …, niliyoinunua dukani kwenu tarehe … kwa risiti namba … . Tarehe … niliileta karakana ikiwa na kilomita …, injini ikikata moto kila ikipata joto. Nilijibiwa kwamba spea haipo, na sikupewa siku ya kurudi. Naomba mnijibu kwa maandishi kabla ya tarehe …: spea itafika lini, gharama ni ya nani chini ya dhamana, na nifanye nini ikiwa itachelewa. Nisipopata jibu nitaipeleka barua hii kwa mwagizaji wa chapa hii nchini na kwa Tume ya Ushindani."

Hakuna tusi, hakuna habari ya watoto kukosa ada, hakuna kutaja jinsi mwenye chapa nyingine alivyopewa chenji. Tarehe na namba tu. Meneja anajua barua ya aina hiyo inavyoonekana ikisomwa na mtu wa nje.

Mwagizaji ndiye wa kumpelekea baadaye, na wengi hawamfikii kwa sababu hawamjui. Jina lake huwa kwenye kitabu cha sevisi. Huyu, tofauti na duka, ana maslahi na chapa yako: ikipata jina baya mtaani, mzigo wake unadoda. Mara nyingi hajui kwamba wakala wake wa mkoani ameacha kuagiza spea. Mtumie barua na picha.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ina Tume ya Ushindani, FCC, iliyotokana na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, nayo hushughulikia pia ulinzi wa mlaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti kuhusu ubora wa kitu na kufaa kwake kwa kazi kilichonunuliwa. Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, kupewa taarifa, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Na Wakenya wana chombo ambacho waendesha boda hawakitumii vya kutosha: Mahakama ya Madai Madogo, ya madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, ambako si lazima uwe na wakili na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Pikipiki mpya inaenea humo vizuri.

Lakini usiitwike sheria isichobeba. Hakuna hakimu atakayeamuru dada akutabasamie, wala fundi aipende chapa yako. Sheria inashika kasoro, ahadi na udanganyifu. Ndiyo maana ile kauli ya muuzaji siku ya kwanza, "spea zake zipo tele, ondoa shaka", unapaswa kuitaka kwa maandishi, hata kama ni kwa ujumbe wa simu. Na risiti iwe ya EFD kwa Tanzania, au ya eTIMS kule Kenya. Punguzo la elfu ishirini ili usipewe risiti ni punguzo la haki zako zote.

Nimeiacha mwisho njia ninayoiamini kuliko zote hizi, nayo ni kijiwe. Mtu mmoja mwenye pikipiki isiyopendwa ni usumbufu kwa duka. Watu kumi na watano wenye pikipiki hiyohiyo ni soko. Kusanyeni namba, andikeni orodha ya spea mnazotumia kwa miezi mitatu: cheni kumi na tano, seti za klachi nane, breki shuu thelathini. Mpelekeeni meneja, mmwambie mko tayari kutanguliza nusu ya pesa. Rafu ambayo ilikuwa hasara kwake inageuka mauzo ya uhakika, na ile hesabu iliyokuwa inawanyima huduma sasa inafanya kazi upande wenu. Akikataa, ipelekeni orodha hiyohiyo kwa muuza spea wa Gerezani au kwa mwagizaji moja kwa moja. Wekeni akiba ya pamoja ya CDI moja na koili moja kwa mweka hazina wa kijiwe; atakayekwama achukue, airudishe akishanunua yake. Mchagueni fundi mmoja, mchangieni kile kifaa cha kuvutia magineti, na mumpe kazi zenu zote. Baada ya miezi sita atakuwa anaijua chapa hiyo kuliko karakana ya wakala.

Na ukifika wakati wa kubadilisha pikipiki, usikimbilie chapa ya mbele ya kioo kwa hasira. Inayopendwa ina matatizo yake: ndiyo inayovutia waghushi, kwa hiyo spea feki zake zimetapakaa, na muuzaji anayejua kwamba utanunua tu hana sababu ya kukupunguzia. Rudia zoezi la dirisha la spea upya, kwa kila chapa, kana kwamba huzijui.

Siku hiyo, kabla ya kutoa pesa, omba jina na namba ya simu ya mwagizaji wa chapa hiyo nchini, uipige ukiwa palepale dukani, usikie kama inapokelewa. Wakikataa kukupa namba, au ikiita bila jibu, toka na pesa yako.